Dola na dola

Mwanza, Jumanne usiku

Mwalimu,

Mwangaluka. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo inatuonea. Habari za Mama Bhoke nimezipata kwa Shija. Pole sana, mfikishie. Kimya changu kisamehe, nimekuandikia kichwani mara kumi, ila kichwani hakuna posta. Leo naandika mbio kwa sababu Mama Neema anapanda meli ya Nansio kesho, na nataka hii ikufikie kabla vijana wako hawajakariri uongo.

Mada ya mdahalo wao, "India ndiyo dola kuu ijayo", ni nzuri, lakini umesema upande wa kuunga mkono umeshaanza kutamba kwa hoja moja ya idadi ya watu. Wape pole. Ni kweli, mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba India imeipita China, wote wakiwa na watu zaidi ya bilioni 1.4. Sasa waulize: China ilikuwa ya kwanza kwa watu hata mwaka 1960, ilipokuwa ikifa njaa. Ilikuwa dola kuu? Ukihesabu mitumbwi mwaloni, hesabu na yenye injini.

Msemaji wa kwanza wa upande wa kupinga aanze na namba tatu. Pato la taifa la mwaka 2024: Marekani kama dola trilioni 29, China kama 18 na ushee, India karibu 4. Kisha agawe kwa vichwa: Mmarekani zaidi ya dola elfu 80 kwa mwaka, Mchina kama elfu 13, Mhindi hafiki elfu 3. Wakijibu kwamba India inakua haraka, wakubali halafu wapige hesabu ubaoni. Chukua 72, gawa kwa asilimia ya ukuaji, unapata miaka ya pato kuongezeka maradufu. India ikienda kwa asilimia 6 bila kujikwaa, ni miaka 12: kutoka 4 hadi 8, kisha 16, kisha 32. Hiyo ni miaka 36. Marekani ikijikokota kwa asilimia 2 tu, katika miaka hiyo hiyo 36 inatoka 29 hadi 58. Hapo ukumbi utanyamaza kidogo. Kosa wanalofanya vijana ni kulinganisha kasi na kusahau kila mmoja anaanzia wapi.

Usiwaache lakini waidharau India, maana mpinzani mjanja atawakamata. Mwaka 1991 nchi ile ilibakiwa na akiba ya fedha za kigeni ya wiki chache tu za kuagizia bidhaa, ikalazimika kuweka rehani tani 47 hivi za dhahabu ili ikopeshwe. Manmohan Singh, waziri wa fedha wa wakati huo, akafungua milango ya biashara. Agosti 2023 chombo chao kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ametua. Manowari yao ya kubeba ndege, Vikrant, wameiunda wenyewe Kochi. Pikipiki zinazobeba watu hapa kutoka Buhongwa hadi Kirumba, nyingi ni za kwao, na bajaji ndiyo usiseme, jina la kampuni limekuwa jina la chombo.

Kinachowakwamisha ni kiwanda. Mwaka 2014 serikali yao ilitangaza mpango wa kufanya viwanda vichangie robo ya pato la taifa. Hadi leo havijaikaribia robo hiyo, na zaidi ya wafanyakazi 4 katika kila 10 bado wako shambani. Wameruka kutoka jembe hadi kompyuta, ile ngazi ya katikati iliyowabeba Wachina hawakuikanyaga vizuri. Programu ya kompyuta inaajiri waliosoma. Anayeajiri mamilioni ya walioishia darasa la saba ni mshona viatu na muunga vyuma.

Na hapa ndipo Shija anaposema, basi dola kuu ni China, tufunge mjadala. Anaonyesha daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, waliojenga ni Wachina. Namjibu: fedha zilikuwa za serikali yetu, Mchina ni fundi. Lakini simpuuzi. China inaunda zaidi ya nusu ya tani za meli mpya duniani, na inachenjua kama asilimia 90 ya yale madini adimu ambayo bila hayo sumaku za injini za umeme na za ndege za kivita hazitengenezwi. Ikiyafunga wiki mbili, viwanda vya Ulaya vinapiga kelele. Hiyo ni nguvu kweli. India haina koo la mtu mkononi namna hiyo.

Sasa nisikilize, hili ndilo ninalotaka liwe mgongo wa hoja yenu. Msimamishe mwanafunzi mmoja aeleze bondo la sangara, kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Wanalijua, wengine wazazi wao wanaishi kwa hilo. Samaki ni wa ziwa letu. Bondo linakaushwa, linapangwa kwa uzito, na kadiri bondo moja lilivyo na gramu nyingi ndivyo kilo yake inavyopanda bei. Mlaji yuko Hong Kong au Guangzhou. Pikipiki iliyolileta kutoka mwaloni ni ya India. Na yule wakala, kabla hajataja bei, anafungua simu kuangalia nini? Bei ya dola ya Marekani. Mmarekani hayupo hapo, bondo halijui, halili, lakini bei inapita mfukoni mwake. Kiswahili chetu kimefanya utani mzuri: dola ni dola.

Waambie watu wamepigwa kwa fedha kuliko kwa mizinga. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, zilivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez. Majeshi yao yalikuwa yakishinda. Eisenhower, rais wa Marekani, hakutuma hata mwanajeshi mmoja. Alizuia msaada wa kuinusuru pauni iliyokuwa ikiporomoka, na London ikasalimu amri. Siku ile ndipo kila mtu alipojua nani mkubwa, ingawa kwa ukubwa wa uchumi Marekani ilikuwa imeipita Uingereza tangu karne ya 19. Zaidi ya miaka hamsini katikati hapo! Wanaosema "ijayo" wapige na hesabu hiyo.

Kwa nini basi yuan, fedha ya China, isichukue nafasi ya dola? Hapa vijana huteleza, wanadhani ni suala la kutangaza tu. Ili watu waweke fedha yako kama akiba, kwanza lazima ziwafikie, yaani ununue kwao kuliko unavyowauzia, au uwakopeshe kwa wingi. China mwaka 2024 iliuza nje kuliko ilivyonunua kwa karibu dola trilioni 1. Mwenye duka anayekusanya noti zote za mtaa hawezi kulalamika kwamba mtaani noti zake hazionekani. Pili, wapate pa kuzilaza, hati fungani nyingi (hati za kuikopesha serikali) zinazouzika saa yoyote. Tatu, wazitoe siku wanayotaka bila kuomba ruhusa. China inamwekea raia wake kikomo cha dola elfu 50 kwa mwaka za kubadilisha. Ikiondoa kikomo, matajiri wake watahamisha mali kabla jua halijachwa, na Beijing inalijua hilo. Kwa hiyo katika akiba za benki kuu duniani dola ina zaidi ya nusu, yuan asilimia 2 hivi. Rupia ya India hata haitajwi.

(Mpinzani atasema mwaka 2022 akiba ya Urusi, kama dola bilioni 300, ilifungiwa na nchi za Magharibi, na tangu hapo benki kuu zinakimbilia dhahabu, hata Benki Kuu yetu inanunua. Ni hoja nzuri, wasiikatae. Ila kukimbia dola na kukimbilia yuan ni safari mbili.)

Nguvu ya pili, baada ya fedha, ni kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, chenye kura ya turufu, yaani haki ya kuzuia uamuzi peke yako. Umewafundisha habari za Salim Ahmed Salim? Oktoba 1971 alikuwa balozi wetu New York, Tanzania mstari wa mbele, Beijing ikarudishiwa kiti cha China Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 akagombea ukatibu mkuu. Marekani ikampiga kura ya turufu raundi baada ya raundi, China nayo ikampiga Waldheim wa Austria, katibu mkuu aliyekuwa akitaka kuendelea, mara 16, mpaka kazi ikaenda kwa Pérez de Cuéllar wa Peru. Huo ndio ukubwa, kusema hapana na ikabaki hapana. India haina kiti hicho, na ili ikipate lazima mkataba wa Umoja wa Mataifa ubadilishwe kwa theluthi mbili ya wanachama na wote watano wenye turufu waridhie, China ikiwemo, ambayo ilipigana nayo mwaka 1962 na mwaka 2020 wakauana tena kule Galwan, mpakani mwao.

Mwisho wa namba: mwaka 2024 Marekani ilitumia kama dola bilioni 997 kwa jeshi, China hukadiriwa 314, India 86. Zisomwe mara moja, waendelee.

Japani waitumie kama karata ya akiba. Miaka ya 1980 wengi waliapa kwamba Tokyo itatawala dunia. Soko lao la hisa lilifika kilele Desemba 1989, na namba ile haikuonekana tena mpaka Februari 2024. Shija hapendi kukumbushwa.

Mimi ukiniuliza, India itakuwa mkubwa ambaye kila mtu atataka kukaa naye meza moja, bila kuwa mwenye nyumba. Na sioni kwa nini lazima awepo mwenye nyumba mwingine.

Sasa niambie: kila msemaji ana dakika ngapi? Wakizidisha utangulizi wa Mahatma Gandhi wamekwisha. Nani mwamuzi, ni yule yule wa mwaka jana aliyelala? Yule binti wa Murutunguru bado yupo, na amepangwa upande gani? Na dagaa huko ndoo sasa mnauziana kwa kiasi gani? Mama Neema anaweza kurudi nazo mbili?

Wako,
Masanja