Njia za mashambani Ufaransa zinalindwa na wanaozipita

Ndugu Mhariri, salaam na pole na kazi.

Kila ukifika mwezi wa saba kurasa za michezo za magazeti yetu zinajaa Tour de France, nani kavaa jezi ya njano, nani kaanguka, na mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya pointi, tulishangilia wote, hata ambao baiskeli hawapandi. Sawa kabisa, na muendelee. Ila mimi naishi huku Bordeaux na naomba nafasi niseme habari ya Ufaransa nyingine ya baiskeli, ile ya mabonde ya mito na misitu, kwenye njia za changarawe, ambako hakuna anayemkimbiza mtu na sijawahi kuona gazeti letu hata moja likiigusa.

Baiskeli yenyewe wanaiita graveli. Kwa asiyeijua, usukani wake umekunjwa chini kama wa baiskeli za mashindano lakini taili ni nene, milimita 40 mpaka 45 hivi, breki za diski, gia nyepesi za kupandia milima, na wengi tyubu wameacha kabisa, ndani ya taili unamwaga maji mazito yanayoziba pancha yenyewe huku unaendelea kukanyaga. Lami ikiisha unaendelea tu. Bei zake madukani zinatisha, ila baiskeli kuukuu ya milimani ukiitia taili nzuri inafika kulekule, kwa hiyo asije mtu akasema huu ni mchezo wa matajiri.

Bonde ninalolipenda kuliko yote ni la Vézère, hadi pale mto huo unapomwagikia Dordogne kwenye kijiji cha Limeuil. Unapanda treni ya TER, yaani ya mkoa, Bordeaux, baiskeli unaingia nayo, unashuka Le Buisson na kutoka hapo huhitaji gari la mtu. Chini bondeni kuna mashamba ya walnati na mahindi na yale mabanda marefu ya mbao waliyokuwa wakikaushia tumbaku, juu yako majabali ya chokaa yamening'inia, na njia yenyewe ni nyeupe maana ni chokaa hiyohiyo iliyosagika. Unapita Les Eyzies, mahali ambapo mwaka 1868 yalipatikana mabaki ya wale watu wa kale wa Cro-Magnon, unapita La Roque Saint-Christophe, ukuta wa jabali wa karibu kilomita moja ambao watu waliishi mapangoni mwake karne na karne, mpaka Montignac, na hapo juu ndio Lascaux, lile pango lenye michoro ya ng'ombe na farasi lililogunduliwa na vijana mwaka 1940 na kufungwa kwa watalii mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaharibu michoro. UNESCO waliyaingiza mapango ya bonde hili kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Mwenye gari anayaona haya kama vituo, anapaki, anakata tiketi, anaondoka. Mwenye baiskeli anapita katikati ya kituo na kituo, na katikati ndiko kwenyewe.

Ukiacha bonde ukapanda unaingia kwenye msitu wa mialoni na chestnati, udongo unabadilika unakuwa mwekundu na wa mchanga, kivuli kizito, paa anakatiza mbele yako hata hujafunga breki. Chestnati nyingi zinakauka vichwa, kuna ugonjwa unashambulia mizizi na ukame wa miaka ya karibuni umezidisha, ukiwa unapita taratibu unauona mti kwa mti na inauma. Maji unachota kwenye bomba la makaburi ya kijiji, ndiyo, makaburini, karibu kila kijiji bomba lipo la kumwagilia maua, unaingia kwa adabu unajaza chupa unatoka, ila usome kwanza, pakiandikwa "eau non potable" usinywe. Na ubebe chakula, hasa Jumatatu, maduka mengi ya vijijini yanafungwa na mkate huupati.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Hizi njia hazikubaki wazi kwa bahati. Nyingi kisheria zinaitwa chemin rural, ni mali ya halmashauri ya kijiji na ni za kupitwa na umma, mkulima, mpanda farasi, mwenye miguu, mwenye baiskeli, wote. Lakini sheria hiyohiyo inasema njia ikiacha kutumiwa na umma, halmashauri inaweza kuiuza, wanaitisha maoni ya wananchi, na wenye mashamba jirani ndio wanapewa nafasi ya kwanza kununua. Na jirani akiizungushia waya akaikalia miaka 30 bila mtu kumuuliza anaweza kudai imekuwa yake. Baada ya vita ya pili ya dunia walipounganisha mashamba madogo ili matrekta yapite, ua za miti na vinjia vingi sana vilifutwa pia. Halafu tusisahau kwamba karibu robo tatu ya misitu ya Ufaransa ni ya watu binafsi, kwa hiyo mahali pengi ile njia ya kijiji ndio upenyo pekee mtu wa kawaida alionao wa kuingia msituni.

Upande wa pili wa sheria ndio unanipa moyo. Njia inahesabiwa kuwa ya umma kwa sababu umma unaipita. Yaani kupita kwenyewe ni ushahidi! Bibi anayetembea na mbwa wake, watoto wanaokatiza kwenda mtoni, na mimi na taili zangu, sote tunaitunza njia kwa kuipita tu. Na tangu 2022 kuna sheria inayoruhusu halmashauri kuorodhesha njia zake, na orodha ikishaanza ule muda wa jirani kujichukulia unasimama, kwa hiyo vijiji vinavyojali vinafanya hiyo kazi sasa hivi. Ndio maana mtu akiniambia graveli ni fasheni itapita, namjibu ipite baadaye, kwa sasa inarudisha watu kwenye njia ambazo wazee waliokuwa wakizipita na mikokoteni hawapo tena.

Ila kupita kuna adabu yake na hapa sitaki kumung'unya maneno kwa wenzangu wa baiskeli. Ukimkuta mtu anatembea unapunguza mwendo, unasema bonjour, kama njia nyembamba unashuka. Alama nyekundu na nyeupe kwenye miti ni za waenda kwa miguu wa safari ndefu, za njano ni za matembezi mafupi, hazikuwekwa kwa ajili yetu, sisi ni wageni pale. Udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa majira ya baridi usipite, unaacha mifereji ambayo mvua inaigeuza korongo na baiskeli yenyewe inakwama, cheni na gia zinajaa tope. Geti ukilikuta limefungwa, ukipita ulifunge tena, kuna ng'ombe. Na palipoandikwa "propriété privée", yaani mali ya mtu binafsi, geuza, hata kama simu inakuambia nyoosha, maana hizi ramani za kwenye simu zinachora tu kila mstari zinaouona. Bora ramani ya IGN, taasisi ya taifa ya ramani, ipo bure kwenye intaneti, unaweza kuiwekea mipaka ya viwanja juu yake ukaona njia ipi ya kijiji na ipi ya mtu.

Halafu uwindaji. Hasa kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari misitu ina bunduki, na mwaka 2018 kule Haute-Savoie raia mmoja wa Uingereza aliuawa kwa risasi ya mwindaji akiwa juu ya baiskeli yake ya milimani. Ukiona kibao cha "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, achana na njia hiyo siku hiyo, tafuta nyingine, na muda wote huo vaa nguo ya rangi kali. Miezi mizuri ni ya nne mpaka ya sita, siku ndefu, joto bado.

Nawaandikia ninyi badala ya gazeti la huku kwa sababu Waswahili tuko wengi Ufaransa, Bordeaux, Paris, Lyon, na wengi wetu nchi tunaijua kwa metro na barabara kuu tu, miaka inapita mtu hajawahi kufika kijijini wala hajui kama ana haki ya kupita pale. Anayo. Na pia kwa sababu nyumbani mchezo huu upo na una watu wake. Kenya kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021. Marehemu Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, alifariki Agosti 2022 kwenye mashindano ya changarawe Vermont, Marekani, na naamini wengi ndio siku hiyo walisikia kwamba kijana wa Kenya alikuwa anapeleka wenzake kwenye mchezo huu ng'ambo. Haikupasa tumjue kwa msiba. Na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni hili, mwezi wa saba mkituletea tena matokeo ya Tour, wekeni pembeni japo robo ukurasa wa njia zenyewe, namna ya kufika kwa treni, ramani, msimu wa kukwepa, na simulizi ya mmoja wa vijana wetu wa changarawe kwa maneno yake mwenyewe. Mkihitaji mtu wa kuwaandikia habari za bonde la Vézère nipo tayari, malipo sihitaji.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Bordeaux, Ufaransa