Kagua njia ya mzee kwenda chooni usiku

Wateja wengi hutupigia simu mzazi akishaanguka. Tungefurahi mtupigie kabla. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linaloongoza ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Anayepona mara nyingi hubaki na woga: anapunguza kutembea, miguu inakosa nguvu, na hatari ya kuanguka tena inaongezeka.

Kazi yetu ni kufunga vyuma vya kushikilia bafuni na chooni, lakini ukaguzi tunauanzia kitandani. Tunamwomba mzee ainuke na kwenda chooni kama anavyofanya usiku, nasi tunamfuata tukiangalia mkono wake unatafuta wapi pa kushika. Hapo ndipo pa kuweka chuma. Swichi ya taa aifikie akiwa bado amekaa. Zulia dogo la kando ya kitanda liondolewe kabisa, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino.

Bafuni tunakuta wazee wengi wanashikilia chuma cha kutundikia taulo. Hicho hakikutengenezwa kubeba mtu! Chuma cha kushikilia hufungwa kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali au zege, si kwenye kigae peke yake, na fundi akimaliza akivute kwa uzito wake wote mbele yako. Vile vinavyonata ukutani kwa mpira hatuviuzi, kwa sababu vinaweza kuachia ghafla.

Yapo ambayo chuma hakiyamalizi. Dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za presha, huweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka, kwa hiyo mpelekee daktari orodha ya dawa zote anazotumia, hata zile za kujinunulia. Macho yapimwe. Mazoezi ya kuinuka kitini na kukaa tena, mtu akiwa karibu naye, huimarisha mapaja.

Akianguka, msimnyanyue haraka. Muulizeni kwanza panapouma. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake au umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: mwacheni alivyo, mfunikeni, iteni gari la wagonjwa.

Ukituita kwa ukaguzi, hakikisha mzee mwenyewe yupo, maana urefu wa kila chuma tunaupima kwa mkono wake.