Mwanangu, mafua ya wiki ya nne si mafua

Tukuyu, Mei

Mwanangu Atupele,

Dada yako amenipigia jana. Anasema mafua yako yanaingia wiki ya nne, na umekwishanunua amoksilini mara ya pili. Hiyo amoksilini ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mafua yanayoletwa na virusi huisha kwa siku 7 hadi 10. Yakipita hapo bila homa, makamasi yakawa bado maji matupu, macho na kaakaa vinawasha na chafya za asubuhi hazikatiki, huo ni mzio, yaani aleji. Amoksilini inaua bakteria, na hapo hakuna bakteria wa kuuawa. Najua hukuanza mwenyewe. Kila Aprili ndiyo uliyokuwa unapewa hapa nyumbani. Basi iishie hapo.

Na usiisingizie misonobari ya msitu wa Sao Hill, hapo Mafinga. Ule unga wa njano ni chavua nzito, ni nadra kuleta mzio. Zitazame nyasi za kando ya njia na za uwanja wa shule yenu. Mvua zikikatika zinachanua, na chavua yake huioni kwa macho. Chafya huja dakika chache baada ya kuivuta, lakini pua huweza kuziba baada ya muda wa saa 4 hadi 8, ndiyo maana unaumwa usiku ukadhani ni baridi ya Mafinga. Hali hiyo itadumu muda wote nyasi zinapochanua, wiki kadhaa au hata miezi miwili mitatu, na zikikoma pua bado huchukua siku kadhaa kutulia.

Kanunue setirizini, dawa ya mzio, ya miligramu 10, kidonge kimoja kila jioni, kila siku, usingojee chafya. Piritoni iache, itakusinziza mbele ya wanafunzi. Pua ikiendelea kuziba, mwombe daktari dawa ya steroidi ya kupuliza puani. Hiyo watu huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi, kumbe nguvu yake kamili huweza kuchukua wiki mbili. Inamisha kichwa kidogo, tundu la kulia pulizia kwa mkono wa kushoto na la kushoto kwa mkono wa kulia, mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio. Ukielekeza katikati, pua itatoka damu. Yale matone ya kuzibua pua papo hapo yasizidi siku 5, yakizidi pua huziba kuliko mwanzo.

Jioni osha pua: kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, sirinji isiyo na sindano. Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana. Oga na uoshe nywele kabla ya kulala, na shuka usizianike nje kwenye upepo.

Kifua kikibana au kikipiga mluzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime makohozi kuangalia kifua kikuu, usione haya. Uso ukiuma upande mmoja na makamasi yakawa mazito ya njano, hapo daktari ndiye aamue kama unahitaji antibayotiki. Wewe usiamue dukani.

Unafundisha vizuri, mkuu wako alimsifia baba yako kwa simu. Lakini mwalimu wa sayansi anayejitibu kwa kubahatisha ananitia huzuni, mwanangu.

Nimekuandalia mkungu mmoja wa ndizi na maparachichi, vitakuja na basi la Jumamosi. Maparachichi bado magumu, yafunike na ndizi mbivu. Bati la jikoni limeng'oka upande wa migomba, baba yako anasubiri fundi. Karo ya mdogo wako imebaki nusu, usitume kitu mwezi huu. Hela hiyo nunua setirizini, na risiti nipigie picha niione.

Mama yako