Kwa mpwa wangu anayemeza kamusi

Mpwa wangu,

Mama yako kanipigia kutoka Newala. Anasema umeingia kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na usiku unakesha na orodha ya maneno magumu ya Kiingereza kuanzia herufi A. Mimi ni mjomba wako, siwezi kunyamaza. Nakuandikia hadharani kwa kuwa mko wengi mnaopiga msuli wa namna hiyo.

Hiyo orodha iache. Maneno ya herufi A hayana undugu wowote zaidi ya hiyo A. Yapange kwa ukoo. Kiingereza kimekopa mno kutoka Kilatini, mengine yakipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, ndiyo maana maneno yake mazito yana mizizi inayojirudia. “Bene” ni wema, “mal” ni ubaya. Ukishika hiyo miwili, “benevolent”, “benefactor”, “malevolent” na “malice” hayatakutisha hata ukikutana nayo kwenye chumba cha mtihani.

Kuna na ladha. “Slim” na “skinny” yote ni wembamba, ila la kwanza ni sifa na la pili linauma, kama kumwita mtu kimbaumbau. Kamusi ndogo za mfukoni hazikwambii hilo. Tafuta yenye sentensi za mfano.

Kinachonikera zaidi ni istilahi za fasihi. Asubuhi unafundishwa tashibiha, sitiari, tashihisi na mubalagha. Mchana kipindi cha Kiingereza kinakuletea simile, metaphor, personification na hyperbole, nawe unafungua ukurasa mpya kana kwamba wamekuja wageni! Umeshavijua hivyo. Pa kuwa makini ni kwenye irony, ambayo wengi huifanya kejeli na kuishia hapo. Bibi anaposimulia Fisi akienda karamuni anakoalikwa na Sungura, na ninyi watoto mmeshajua kuna shimo, hakuna aliyemkejeli mtu. Mnachojua ninyi, mhusika hakijui: hiyo ndiyo dramatic irony, na umeicheka tangu hujaanza shule.

Sasa, kutaja jina la tamathali hakutoshi. Wengi huandika kwamba mshairi katumia sitiari, wananukuu mstari, wanahamia hoja nyingine. Tuseme shairi linaiita bahari mkopeshaji. Mvuvi wa Mikindani hahitaji kuelezwa: leo imempa samaki, kesho inadai nyavu, siku nyingine inadai mtu. Andika hilo. Andika kwamba mshairi angeweza kusema bahari ni hatari, lakini hatari mtu huikimbia, wakati mkopeshaji humfuata mwenyewe kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Neno moja limeleta umaskini ndani ya shairi la bahari. Ukifika hapo, Kiingereza chepesi kinatosha kabisa. Maneno makubwa yasiyo na kazi humchosha msahihishaji.

Tone na mood nazo usizichanganye. Ya kwanza ni msimamo wa mwandishi juu ya anachokisema, ya pili ni hali inayomwingia msomaji. Mwandishi anaweza kusimulia msiba kwa dhihaka, nawe ukabaki na huzuni.

Hela ya kamusi nitamtumia mama yako korosho zikishalipwa. Sikutumii wewe, maana itageuka bando.

Mjomba wako,
Mtwara