Ngege, sindano na vifuko vya seli za kinga

Mhariri,

Gumzo la kupima magonjwa ya samaki kwa vifuko vya seli za kinga vilivyomo kwenye damu limefika Nairobi, na swali la kwanza limekuwa bei ya mashine. Sisi tungeanza na sindano ya kutolea damu.

Vifuko hivi, vingi vya nanomita 30 hadi 150, hutoka kwenye seli vikiwa vimebeba protini na vipande vya RNA, nakala za maagizo ya jeni. Kwa salmoni wa Atlantiki, seli nyeupe zilizochokozwa na DNA ya mfano wa bakteria zimeonekana zikitoa vifuko vyenye protini za MHC, zinazoonyesha kinga vipande vya vimelea. Mfugaji atapenda hili, kwa kuwa damu hutolewa samaki akiwa hai: leo virusi vya ngege vya TiLV au bakteria wa streptokoka hutafutwa zaidi kwenye ini, figo na ubongo, yaani samaki afe kwanza.

Tatizo ni kwamba chembe nyekundu za damu ya ngege zina kiini, si kama zetu. Zikipasuka, humwaga RNA na DNA, na ishara ya seli za kinga hupotelea humo. Plazma, yaani maji ya damu isiyoganda, ikiwa ya rangi ya waridi imwagwe. Iliyo safi kwa macho bado ipimwe kwa mwanga wa nanomita 414, unaofyonzwa na rangi nyekundu ya damu. Kinachozipasua mara nyingi ni mkono: sindano nyembamba mno, kuvuta kwa pupa, au kusukuma damu kwenye kichupa kupitia sindano ileile. Sindano ya geji (kipimo cha unene) 22 au 23 inatosha. Ingia nyuma ya pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja, chini kidogo ya mstari wa ubavuni, hadi uguse mfupa. Rudi nyuma kidogo, vuta taratibu. Chomoa sindano kwenye bomba lake kabla ya kumimina.

Kuzuia damu isigande tumia EDTA, kwa sababu heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, huvuruga PCR, kipimo kinachonakili vipande vya jeni ili vionekane. Seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, haifai kabisa: damu inapoganda, seli za kugandisha nazo humwaga vifuko vyake. Samaki akae saa 24 bila kula, la sivyo vitone vya mafuta ya mlo vitahesabiwa na mashine kuwa vifuko. (Hesabu kubwa za kupendeza huzaliwa hapo.)

Damu nzima isisafirishwe kutoka vizimba vya Homa Bay hadi maabara za Kabete. Izungushwe ufukweni kwa mashine ya kutenganisha plazma, kwa 2,500 g, dakika 15, mara mbili, na kila mara plazma kidogo inayogusana na mashapo iachwe, isivutwe. Hiyo g ni nguvu ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika, wengi huchanganya. Gawa mikrolita 200 kwa kila kichupa, weka kwenye barafu kavu, kisha nyuzi −80, na usiyeyushe zaidi ya mara moja.

Kingamwili za kutambua CD63, protini ya juu ya vifuko, zilizotengenezewa binadamu mara nyingi hazishiki protini za samaki, kwa hiyo kipimo kikinyamaza usiseme vifuko havipo. Na samaki asiye mgonjwa wa kulinganisha atoke kizimba kilekile, siku ileile: joto la mwili wake ni la maji, na kinga yake hufuata joto hilo.

Wataalamu wa afya ya samaki,
Nairobi