Mdogo wangu, kabla hujanunua hiyo mashine ya kushonea ngozi

Mdogo wangu,

Voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza nikiwa kwenye bajaji natoka soko la Kilombero hapa Arusha, mbili zilizobaki nimekaa kibandani na chai. Umesema mkopo wa vikoba umetoka, umeona mashine ya kushonea ngozi mtandaoni, na unataka nikutumie listi ya vifaa vyote uanze kutengeneza ala za visu na holsta (vile vifuko vya ngozi vya kubebea bastola kiunoni) kama ninazotengeneza mimi. Nimeona nikujibu kwa maandishi na niyaweke hapa wazi, manake wapo vijana wengine wameniuliza hivyohivyo na kila nikijibu kwa simu nusu ya mambo nayasahau.

Mashine usinunue. Sio kwamba usinunue kabisa, ila sio sasa. Hiyo hela ipeleke kwenye ngozi, na kabla ya kuipeleka kwenye ngozi jifunze kuiangalia ngozi, manake kwenye kazi yetu fundi anapata hasara pale dukani kabla hata hajashika kisu cha kukatia.

Kuna ngozi ya kromu, iliyoivishwa kwa chumvi za madini ya kromu, na kuna ngozi ya magome. Ya kromu inaiva kiwandani haraka, siku moja mbili tu iko tayari, na ndo imejaa kila mahali, kwenye mikoba, makochi, viatu laini. Ya magome inakaa wiki na wiki kwenye dawa inayotokana na magome ya miti, na kwetu hapa mti wenyewe ni mwati, ndo maana kule Njombe kuna kampuni ya miwati tangu 1949 inayokamua dawa hiyo kwenye magome, na pwani zamani walikuwa wanavuna magome ya mikoko kwa kazi hiyohiyo. Ngozi ya magome ni ngumu, rangi yake ni kama ya chai ya maziwa, ukiilowesha maji unaifinyanga kama udongo na ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Ya kromu hata uiloweshe usiku kucha, ikikauka inarudi kuwa kitambaa. Kwa ala na holsta sisi tunataka ya magome, na wauzaji wengi hawatakwambia ipi ni ipi, wengine kweli hawajui.

Ujaribu hivi. Angalia ukingo uliokatwa, pale katikati ya unene, ukiona rangi ya bluu au kijivu hiyo ni kromu hata kama juu imepakwa rangi ya kahawia. Dondosha tone la maji upande wa juu, kama haijapakwa rangi ya kuziba, ya magome inanywa lile tone na panakuwa peusi palepale. Na kama bado una wasiwasi omba kipande kidogo kama kidole, nenda nacho nyumbani ukitumbukize kwenye maji yanayochemka, ya magome itajikunja na kusinyaa mbele ya macho yako, ya kromu nzuri itakaa tu inakuangalia.

Nakusisitizia hili kwa sababu limenitoa machozi. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi msimamizi wa shamba moja la maua huku upande wa Usa River aliniletea oda ya vibebeo 40 vya mikasi ya kupogolea, vya kuvaa kwenye mkanda, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikakuta ngozi ya kromu nyeusi, laini, inang'aa, bei iko chini, nikachukua, nikashona wiki tatu mfululizo usiku na mchana. Hazikuisha siku nyingi wakaniita. Midomo ya vibebeo ilikuwa imelala yote, mfanyakazi akitaka kurudisha mkasi lazima atumie mikono miwili na mkono wa pili umeshika maua, na mikasi yenyewe ilianza kupata kutu palepale chuma kinapogusa ngozi, manake chumvi zinazobaki kwenye ngozi ya kromu zikikutana na unyevu wa grinihausi zinakula chuma. Nilivichukua vyote 40 nikavirudia upya kwa ngozi ya magome kwa hela yangu. Mama yako ndo alinikopesha, sijui kama aliwahi kukwambia.

Sasa ukishajua aina, uijue na sehemu. Ng'ombe mmoja ana ngozi za aina nne ndani yake. Mgongo na makalio ndo panapobana, nyuzi zake zimeshikana, hapo ndo pa ala ya kisu na holsta. Bega linafaa pia, lina mikunjo kidogo ila linafinyangika vizuri sana, mimi nalipenda. Tumbo linavutika, ukikata mkanda au ala hapo baada ya mwezi imekuwa ndefu kuliko ulivyoikata, kwa hiyo tumbo ni la vijisehemu vya ndani na mazoezi tu. Na wewe unanunua kwa futi ya mraba, yaani tumbo unalipia bei sawa na mgongo, ukinunua ngozi nzima piga hesabu ya sehemu utakayoitumia kweli. Kwangu karibu robo inaishia kwenye vipande.

Igeuze ngozi, uiangalie upande wa nyama. Ng'ombe wetu wa kufugwa porini wana makovu ya miiba, matundu ya kupe, halafu chapa ya moto wafugaji wanapenda kuipiga makalioni, yaani palepale pazuri zaidi. Na machinjioni kisu cha mchunaji kikiteleza kinaacha mkato usioonekana kwa juu, unakuja kuuona siku unafinyanga holsta inapasuka mkononi. Pitisha kiganja polepole ngozi yote, macho hayatoshi. Unene pima kwa milimita, ala ya kisu cha kawaida milimita 3 mpaka 3.5, sime na panga unaweza kwenda 4, chini ya 2.5 ni ya pochi. Ukiambiwa tu nene nene, toa kipimo chako.

Vifaa vingine havitafika hata theluthi ya hela ya hiyo mashine. Kisu kikali na jiwe la kunolea, msharasi (ile sindano nene yenye mpini ya kutobolea), sindano butu kama kumi, uzi wa polista na nta ya nyuki (hata ile ya Tabora wanayouza soko la asali inatosha kabisa), uma wa kutobolea wenye nafasi ya milimita 4, nyundo isiyo ya chuma, gundi ya fundi viatu, msasa wa namba tatu tofauti, bizimu na vifungo vya kubonyeza. Vifungo usichukue vya bei ya chini, nunua vya shaba, vile vingine ni bati lililopakwa rangi na jasho la mtu linavimaliza. Na mfupa. Nenda kwa muuza nyama omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, uchemshe, uusugue kwa msasa mpaka uwe laini kama kioo, ndo utakaokandia ngozi wakati wa kufinyanga. Wangu nina mwaka wa nane nao.

Kuhusu kushona kwa mkono najua utasema ni uzee. Sikiliza, mashine inashona kwa nyuzi mbili, moja juu moja chini, zinakutana katikati ya ngozi, uzi mmoja ukikatika mshono unaanza kufumuka. Mkono tunatumia uzi mmoja wenye sindano mbili, kila tundu zinapita zote mbili kutoka pande mbili, ukikatika sehemu moja zile nyingine zimeshikilia. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono, upake nta, na vuta kwa nguvu ileile kila tundu. Ala ya kisu inakaa na chuma kikali ndani yake miaka kumi, mtu anaivaa kiunoni karibu na mshipa wa paja, mimi siwezi kumpa mshono ambao sina uhakika nao. Mashine utaipata baadaye kwa mikanda na mikoba, huko itakusaidia kweli.

Kitu kimoja kwenye ala ambacho wengi wanakiruka ni kile kipande chembamba cha ngozi kinachowekwa katikati ya kingo mbili upande wa makali. Bila hicho makali yanagusa uzi moja kwa moja, kila mtu akichomoa kisu anakata nyuzi kidogo kidogo mpaka siku kinatokea ubavuni. Kuna mzee wa Kimaasai kutoka Meserani aliniletea ala ya sime aliyoinunua kwa mtu, imefunguka hivyohivyo, na kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Ala zao za asili zenyewe zinajengwa kwa mbao ndani halafu zinavalishwa ngozi nyekundu, mti ndo unaokaa na makali, wazee walishalimaliza hilo swali kabla yetu.

Kufinyanga sasa. Maji ya uvuguvugu, sio ya moto, ya moto yanaiunguza ngozi ya magome kama ulivyoona kwenye kile kipande cha kuchemsha. Tumbukiza mpaka vipovu viache kutoka, itoe, iache itulie mpaka rangi ianze kurudi kidogo, chuma kifunge kwa nailoni ya kufungia chakula kisipate kutu, ingiza, kandamiza kwa vidole kwanza halafu mfupa. Kisha kaushia kivulini siku nzima au mbili. Usianike juani, usiweke karibu na jiko hata kama mteja amekaa getini anasubiri, itakakamaa na kupasuka. Ikishakauka ndo unasugua kingo kwa msasa na nta mpaka ziwe kama zimeunganika, na mafuta kidogo tu, ukizidisha mafuta umeilainisha na kazi yote ya kufinyanga imepotea. Na mteja mwambie asihifadhi kisu ndani ya ala miezi na miezi, ala ni ya kubebea, kisu kikae nje kikiwa kikavu.

Holsta za bastola nimeziacha mwisho makusudi kwa sababu hizo ndo unazozitamani na hizo ndo usianze nazo. Wateja wangu ni walinzi wa makampuni na wafanyabiashara wachache wenye leseni, na leseni naiona kwa macho yangu kabla ya kuchukua hata vipimo. Silaha yenyewe hailali kibandani kwangu hata usiku mmoja. Ninafinyangia mfano wa mbao ninaouchonga mwenyewe kwa vipimo, mara chache mteja akiwa na mfano wa plastiki wa modeli ileile ndo nautumia. Holsta lazima ifunike kitufe cha kufyatulia chote, pasiwe na nafasi ya kidole wala ya kona ya shati kuingia, mdomo wake ubaki wazi hata ikiwa tupu ili mtu asiusukume kwa mdomo wa bunduki, na ukiigeuza juu chini ukaitikisa, ule mfano usidondoke. Muulize anatumia mkono gani, anavaa upande gani, anakaa kwenye gari muda mwingi au anasimama. Na muulize mkanda wake, manake holsta nzuri kwenye mkanda mlegevu ni kazi bure, mimi zote nazikata kwa mkanda wa inchi moja na nusu na mara nyingi namuuzia na mkanda. Ikitokea ngozi ina dosari yoyote hata kama haionekani, hiyo haiwi holsta, inakuwa kibebeo cha koleo la fundi umeme.

Bei, usiangalie jirani anauzaje. Tuseme ngozi iliyoingia ni elfu 14, uzi, gundi na vifungo elfu 4, halafu masaa matano ya mkono wako bila kuhesabu kukauka. Kama saa lako moja ni elfu 4 umeshafika elfu 38 na hujaweka kodi ya kibanda wala vile vipande ulivyotupa. Ukimuuzia mtu elfu 25 kwa sababu ameng'ang'ania, umemlipa wewe avae ala yako. Chukua nusu kabla ya kukata, hasa kwa vitu vya vipimo vya mtu, manake asipokuja hakuna mwingine wa kumuuzia.

Ukitaka darasa la ngozi zenyewe, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kwenye tawi lao la Mwanza wanafundisha, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wa mkoani uwaone kabla ya mkopo wa pili. Lakini kwanza njoo Arusha. Jumatano nakwenda Tengeru asubuhi, mchana niko kibandani. Nimekuwekea kipande cha bega, milimita 3.2, hakina kovu. Uje na kile kisu cha babu kilichobaki kwa mama mdogo, kile chenye mpini wa pembe, hakijawahi kuwa na ala tangu ile ya kwanza ilipoliwa na mchwa. Tuanzie hicho.