Zuhura, ile chupa usiifungue

Langoni, Lamu
Jumatatu, baada ya Alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na mvua ya jana imeacha maji kichochoroni mpaka punda wa kina Shee wamegoma kupita. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Pale uliposema vidonge vya wasiwasi alivyokupa daktari havikufai na umenunua dawa ya mimea, "majani tu, hayana madhara," niliacha chapati motoni zikaungua. Umesema kwenye chupa pameandikwa St. John's wort. Zuhura, nakuomba usiinywe hiyo pamoja na vidonge vyako.

Nilimuuliza mtoto wa dada, yule anayesomea ufamasia, akanieleza taratibu. Ule ni mmea wa maua ya manjano, na Wajerumani wameutumia miaka mingi kwa watu wenye sonona. Kwa hiyo si kwamba haufanyi kitu. Unafanya, na hofu yangu iko hapo. Unaongeza serotonini, ile kemikali ya ubongoni inayogusa hali ya moyo, na vidonge ulivyopewa kazi yao ni hiyo hiyo. Vikikutana viwili, mtu hutetemeka, hutoka jasho, hupata homa, na moyo ukaenda mbio kuliko hizo mbio unazotaka kuzituliza. Tena mmea huo hulifanya ini livunje dawa nyingine kabla hazijafanya kazi, hata vidonge vya kupanga uzazi. Wewe si unavitumia?

Na hivyo vya daktari, una wiki tatu tu. Huchukua wiki mbili mpaka sita kabla mtu hajaona nafuu. Usiviache ghafla, maana kuviacha ghafla nako huleta kizunguzungu na wasiwasi upya. Kama vinakusumbua, mwambie daktari akubadilishie au akupunguzie yeye.

Usidhani nakuhubiria tu. Mwaka juzi, baba Aisha alipochelewa baharini siku nne na kusi limechachamaa, jakamoyo lilinishika likakataa kuondoka hata baada ya yeye kurudi salama. Nilikuwa naamka saa tisa za usiku, kifua kimebana, nasikiliza kama mlango unabishwa. Mama akanifukizia ubani, akanipikia mchaichai, akaniwekea asumini kwenye mto wa kulalia. Nilimpenda kwa hayo, na mchaichai ninaunywa mpaka leo kila usiku. Lakini yule mtoto ananiambia Wabrazili, ambao nao huunywa kutuliza mishipa, waliupima kwa watu mwaka 1986 wasione kuwa unapunguza wasiwasi wala kuleta usingizi. Nilinyong'onyea, kisha nikafikiri: kuketi na mama uani nusu saa, simu iko ndani, kikombe cha moto mikononi, hakuna aliyekipima hicho. Kwa hiyo nitaendelea kunywa, ila sitamwambia mtu kuwa ni dawa.

Kilichonisaidia waziwazi ni kuacha kahawa ya jioni. Unajua tulivyokuwa, vikombe vitatu vya kahawa tungu baada ya Alasiri. Nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano baadaye, ndiyo maana saa nne za usiku macho makavu na moyo unapiga ngoma. Siku chache za kwanza kichwa kiliniuma, kikaacha. Kitu cha pili ni pumzi: vuta kwa kuhesabu nne, itoe polepole kwa kuhesabu sita au nane. Ile pumzi ya kutoka ndiyo inayoupoza moyo. Fanya dakika tano, usiku ukiamka, kabla hujaanza kuwaza ada za shule. Na cha tatu ni kwenda kwa miguu hadi Shela na wifi yangu alfajiri, maji yakiwa yametoka. Wewe una ufuo wote wa Malindi hapo, na huendi.

Kama roho yako inataka kitu cha mmea, mwulize daktari kuhusu chai ya kamomaili. Hiyo ni pole, japo nayo haifai kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Lakini ile chupa, hapana. Kama umeshaanza kuinywa, nenda nayo mkononi kwa daktari kesho, umwonyeshe. Usione haya.

Nimempa Fahmi kifurushi, anapanda basi la asubuhi kutoka Mokowe. Mna mchaichai wa uani kwetu, udi kidogo, na kikuba alichokitunga mama kwa asumini na rihani. Kitakuwa kimenyauka ukikipata, lakini kitie kwenye mto hivyo hivyo, harufu itabaki. Nilitaka kukuletea mwenyewe, ila Aisha ana mtihani, na…  basi, nitakuja In Shaa Allah mwezi ukiandama.

Sasa nijibu, usininyamazie tena kama mwezi uliopita. Unalala saa ngapi, na bado unaamka saa tisa? Unakula? Walikupima damu na tezi ya shingo? Maana tezi ikizidi kazi nayo huleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, mtu akadhani ni wasiwasi. Mumeo anajua, au umemficha kama ulivyonificha mimi? Nani yuko nawe usiku ukikushika? Na ile chupa, Zuhura, iko wapi sasa hivi?

Akupendaye,
Mwanaidi